Ngoma za Wimbo wa Tano

Tulimzika Rashidi siku ya Jumatano baada ya swala ya adhuhuri. Wanaume waliporudi kutoka makaburini na sahani zikaanza kuzunguka, kijana mmoja mwenye fulana nyeusi alikuja upande wa jikoni nilikokuwa nikipakua wali. Alinipa shikamoo, akangoja nimalize sahani niliyokuwa nayo, kisha akauliza kwa sauti ya chini, "Mama, wewe ndiye uliyepiga dramu kwenye albamu ya Kabla ya Saa Kumi?" Nikamwambia ndiyo. Akasema samahani kwa kuuliza msibani, lakini wenzake wanabishana sana kwenye grupu lao la simu. Wimbo wa tano hauna dramu hata kidogo, wakati nyimbo nyingine saba zote zinazo. Wapo wanaosema ulikuwa ufundi, kwamba tulitaka watu wasikie ukimya. Wengine wanasema mashine iliharibika. "Wewe unasemaje?" nikamuuliza. Akasema yeye yuko kundi la ufundi. Nikamwambia ashike upande wa pili wa sufuria tuisogeze kivulini, na hayo ndiyo yaliyokuwa majibu yake siku ile. Kijana wa watu hakuwa na kosa. Mimi ndiye niliyekuwa sijawahi kulieleza jambo hili kwa mtu asiyelala nyumbani kwangu, na sasa Rashidi hayupo, kwenye bendi tumebaki watatu tunaolijua. Kuna sehemu sitaieleza hata hapa. Nitasema tu kwa nini haipo.

Mwaka huo nilikuwa na miaka ishirini na minne. Wazazi wetu walikuwa wamekwishafariki, na hilo nitaliacha hapo hapo. Itoshe kusema kwamba shule niliiacha kidato cha pili, mdogo wangu Zuhura alikuwa darasa la saba, na walimu wake walipoita mzazi, niliyekwenda ni mimi. Nilikuwa nafanya kazi kwenye gesti ya vyumba kumi na viwili pale mjini Morogoro, jirani na stendi. Kazi yangu ilikuwa kufua mashuka, kupiga deki, na kuwakumbusha wageni kwamba saa nne asubuhi ni saa nne. Zamani gesti ile ilikuwa na ukumbi wa dansi. Ukumbi wenyewe ulikuwa umegeuzwa stoo, na humo ndani, nyuma ya vitanda vilivyovunjika, kulikuwa na seti ya dramu iliyoachwa na bendi moja ya dansi iliyosambaratika kabla sijazaliwa. Ngozi ya dramu kubwa ilikuwa imeliwa na panya. Wakati wa chakula cha mchana, mashuka yakiwa kwenye kamba, nilikuwa naingia stoo, nakaa kwenye ndoo iliyogeuzwa, napiga taratibu kwa vijiti vya kuning'inizia mapazia. Hakuna aliyenituma. Mikono ilitaka kitu kingine baada ya sabuni.

Sureshi ndiye aliyenisikia wa kwanza. Baba yake alikuwa na duka la vifaa vya ujenzi barabara kuu, la misumari, mabomba na saruji, na siku hiyo alikuwa ameleta koki mpya za bafuni. Alisimama mlangoni na koki mkononi mpaka nikamwona. Akaniuliza nani amenifundisha. Nikamwambia mama mdogo, kule Kinole milimani. Akauliza kama naweza kupiga haraka zaidi. Nikapiga. "Haraka zaidi ya hapo?" Nikapiga mpaka ndoo ikaanza kutembea. Akacheka peke yake, akaondoka bila kufunga koki hata moja, na kesho yake nilimfungia mimi.

Muziki aliokuwa akiutaka aliutoa kwa binamu zake waliokuwa ng'ambo, waliomtumia CD. Aliuita hadkoo. Mara ya kwanza aliponisikilizisha nilidhani spika imeharibika. Wimbo una dakika mbili, gitaa linakimbia kama limeiba kitu, mwimbaji anapaza sauti hadi unamhurumia koo. Lakini nilipousikiliza mara ya tatu, nikifua, nikagundua kwamba chini ya kelele zile kuna tuni, tuni tamu kabisa ya kumbembelezea mtoto, na jioni nilikwenda nayo sokoni, nikachagulia nyanya nayo. Nikamwambia Sureshi nimeelewa: mtu analia, lakini analia kwa sauti nzuri. Akasema hajawahi kusikia ikielezwa vizuri hivyo. Yeye alipiga gitaa. Besi alipiga Gidioni, Mhaya aliyekuwa akisoma mambo ya udongo pale chuoni Mazimbu. Aliyeimba ni Rashidi, fundi cherehani wa sokoni. Mtu huyo ukimpelekea sketi ya shule akupunguzie kiuno, alikujibu kwa sauti ndogo hadi ulazimike kuinama. Akishika maiki, mbwa wa mtaa walikimbia. Tulijiita Saruji kwa sababu mazoezi ya kwanza tuliyafanya tumekalia mifuko ya saruji kwenye ghala la baba yake Sureshi, na nguo zetu zote mwaka ule zilikuwa na vumbi la kijivu matakoni.

Hatukuwa na fedha za studio, na studio zilizokuwepo zilirekodi muziki wa kompyuta, dramu hawakujua waiweke wapi. Sureshi alikuwa na kompyuta na maiki tatu. Kilichokosekana ni chumba kisichorudisha sauti. Hilo nilikuwa na jibu lake, kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa nageuza magodoro. Wageni walitoka saa nne asubuhi. Wapya walianza kuingia saa kumi jioni, mabasi ya Dodoma yakifika. Katikati hapo palikuwa na magodoro kumi na mawili yasiyolaliwa na mtu. Nilimwendea mwenye gesti, tuliyemwita Haji kwa sababu alikwenda Makka mara mbili, nikamweleza. Alivua miwani, akaisugua. "Magodoro yakirudi kitandani kabla ya saa kumi," akasema. "Na wakati wa adhuhuri sitaki kusikia hata kijiko." Kwa hiyo siku ambazo wageni walikuwa wachache, ikifika saa nne na robo utatuona tumebeba magodoro vichwani kuingia stoo, tunayasimamisha ukutani, mengine tunayatundika mlangoni kwa kamba za nguo. Dramu kubwa tuliiziba tobo kwa kipande cha turubai na gundi ya viraka vya baiskeli. Sauti yake ilikuwa fupi na nzito, kama mtu anayeangusha gunia. Sureshi aliipenda kuliko dramu zote alizowahi kuzisikia.

Ilituchukua tangu Agosti hadi mwishoni mwa Oktoba kurekodi nyimbo nane. Ninachokikumbuka zaidi ya muziki ni zile saa za adhuhuri, tumenyamaza kwa amri, tunakula kwenye sinia moja katikati ya magodoro. Chakula kilikuwa kile kile, wali na maharage, kwa sababu Sureshi hakula nyama. Siku mama yake akiwa na moyo mkunjufu alituletea dengu na chapati nyembamba kama karatasi, na Gidioni alizikunja mbili mbili. Rashidi akamwambia, "Mhaya, hizo ni chapati, si vyeti vya shule. Huna haja ya kuzikusanya." Gidioni akajibu kwamba kwao mgeni halindwi mdomo. "Kwenu ndiyo. Hapa uko Uluguru, tunakuhesabia." Haji alipita mlangoni akitoka kuswali, akachungulia. "Mwajuma, asubuhi hii mlikuwa mnaimba au mnagombana?" Nikamwambia tulikuwa tunaimba. "Mimi nimecheza dansi kwenye ukumbi huu huu na viatu vya ngozi, mke wa mtu akanisifu. Ule ni ugomvi wenye gitaa." Akachukua chapati moja, akaenda zake. Siku nyingine, nikisubiri Sureshi atengeneze waya, nilisikia kupitia ukuta wafanyabiashara wawili wa karanga wa Gairo waliochelewa kuondoka. Mmoja aliuliza kuna mgonjwa gani humo. Mwenzake akasema, "Ni walokole. Wanatoa pepo." Wa kwanza akasubiri kidogo, akasema, "Halitoki hilo."

Sasa niseme habari ya Kinole, maana bila hiyo hakuna kinachoeleweka. Mama mdogo Tatu, mdogo wake mama yetu, alikuwa akiuza ndizi mjini mara mbili kwa wiki, na huko kwao alikuwa kungwi. Kwetu msichana akivunja ungo huwekwa ndani. Zamani alikaa mwaka au zaidi. Sasa ni wiki kadhaa za likizo, lakini huwekwa. Wanawake wa ukoo humfundisha, na siku ya kumtoa mwali ni siku ya ngoma. Zipo ngoma za nje, ambazo kila mtu huzicheza, wanaume, watoto na wapita njia. Na zipo za ndani. Za ndani hupigwa na wanawake wachache mbele ya mwali na wenzao tu, mlango umefungwa, na huko nje wanaume huambiwa wasogee mbali. Mimi nilipotolewa nilikuwa na miaka kumi na minne, na kwa kuwa mikono yangu ilionekana mizuri, Mama mdogo akawa ananichukua kila mwali anapotolewa. Nilipiga za nje, baadaye nikafundishwa na za ndani. Hakuna aliyeniambia zisitoke. Hukuhitaji kuambiwa, kama usivyoambiwa kwamba nguo huvaliwa.

Zuhura alimaliza mtihani wa darasa la saba mwezi wa tisa, na wiki iliyofuata tukampeleka Kinole akawekwa ndani nyumbani kwa Mama mdogo. Nilipanda na lori la ndizi, nikiwa na unga, mafuta na kanga doti mbili. Zuhura alikuwa na hofu ila alijitia kuchoka. Nilipokuwa nikiondoka Mama mdogo alinisindikiza hadi kwenye migomba. "Mama yake ni wewe," akasema. "Siku ya kutoka, mimi sipigi. Utakaa mlangoni kwa ndani, upige wewe. Umtoe mwenyewe." Nikamwuliza kama unga utatosha. Niliporudi mjini sikumwambia mtu, lakini wiki nzima nilikuwa nakunja mashuka nikihesabu siku. Ilikuwa atolewe Desemba, kabla shule hazijafunguliwa. Nilikuwa nimebeba mambo mengi ya mtoto yule bila kuulizwa kama naweza. Hili nilikuwa nimepewa.

Wimbo wa tano uliitwa "Hodi." Maneno yalikuwa ya Rashidi, ya mtu anayebisha mlango wa nyumba aliyokulia na asijibiwe. Ulitushinda. Siku hiyo tuliurudia mara nane na kila mara ulianguka mahali pale pale, katikati, gitaa linaponyamaza na dramu inabaki na sauti ya Rashidi peke yake. Nilikuwa napiga ile mbio ya kawaida, na ilikuwa kama mtu anayekimbia msibani. Ilikuwa imefika saa tisa na robo. Sureshi akasema, "Mwaju, mara ya mwisho. Baada ya hapo tunatoa magodoro." Nikafumba macho. Tulipofika katikati, mikono ikaenda ilikojua. Sikuipangia. Dramu ile iliyozibwa turubai ikatoa sauti ambayo nilikuwa naijua tangu nikiwa na miaka kumi na minne, Rashidi akaisikia na sauti yake ikakaa juu yake kama mtu aliyepata kiti, na tukaenda hivyo hadi mwisho wa wimbo. Tulipomaliza, Gidioni akaweka besi chini. "Hiyo umeitoa wapi, dada?"

Nimelirudia swali hilo mara nyingi kuliko mtu anavyoweza kudhani. Nilijua. Nilijua pale pale, vijiti vikiwa bado hewani, kwamba nimepiga ngoma ya ndani mbele ya wanaume watatu na maiki tatu. Ningeweza kusema, "Futa hiyo, nimekosea," na hakuna ambaye angebisha sana. Niliwaambia, "Imekuja tu." Nilisema hivyo kwa sababu ilikuwa nzuri. Nilikuwa sijawahi kutengeneza kitu kizuri kiasi kile ambacho hakikuwa cha kuliwa au kuvaliwa na mtu mwingine. Tukabeba magodoro, nikatandika vyumba kumi na viwili, na jioni nikamwelekeza mgeni wa kwanza bafuni kana kwamba siku haikuwa na kitu.

Albamu tuliiita Kabla ya Saa Kumi. Sureshi alichoma CD thelathini, Rashidi akaandika majina ya nyimbo kwa mkono kwenye kila jalada, kwa mwandiko ule ule aliokuwa akiandikia vipimo vya wateja. Tuligawa nyingine, nyingine tukauza. Kinyozi wa kona ya kwenda sokoni aliipenda, akawa anaipiga asubuhi hadi jioni, kwa maelezo kwamba inamfanya akate haraka. Kilichomvutia zaidi ni wimbo wa tano. Aliurudia.

Mama mdogo Tatu alikuja gesti siku ya Alhamisi, ndizi zake zikiwa bado hazijauzwa. Nilikuwa nasuuza. "Shikamoo, mama." Hakuitikia. Alikaa kwenye kigoda cha kufulia, akatua kikapu, akaangalia mashuka. Nikarudia shikamoo. Maishani mwangu hakuwahi kuacha kuniitikia, hata siku za misiba. Baadaye akasema, "Pale kwa kinyozi kuna mwanamume ananyolewa ndevu kwa ngoma ya mwali." Nikazima bomba. "Nimesimama pale na kikapu kichwani. Nikajiambia ni masikio ya utu uzima. Wakairudia. Yule kijana anatingisha kichwa na wembe mkononi. Nikamwuliza nani amepiga. Akasema, ni Mwajuma wa gesti, mama, anajua sana." Akatazama mashuka tena. "Anajua sana. Ndivyo alivyoniambia."

Nilimwambia nimekosa. Alisema hilo anaona. Tatizo, alisema, halikuwa yeye peke yake. Wenzake wa Kinole hushuka sokoni pia, na mmoja akishasikia hakuna atakayekanyaga nyumbani kwake Desemba. Hawatakuja kumtukana mtu. Hawatakuja tu. Zuhura atafunguliwa mlango na mama mdogo mmoja na majirani wawili, atatoka kama mtu anayetoka dukani, na tangu hapo kila atakapohitaji wanawake wa ukoo, akiolewa, akijifungua, akifiwa, watakumbuka kwamba hawakumtoa. "Mtoto hajakosa kitu," akasema. "Yuko ndani anashona mkeka, ananiuliza kila siku dada atapiga vipi." Nikamwuliza nifanye nini. "Ulivyoitoa, irudishe. Kisha uje useme mbele yao, mimi sitakusemea." Akajitwika kikapu. Chai hakunywa.

Siku ile ile jioni niliwaita wenzangu dukani kwa kina Sureshi, tukakaa kwenye mifuko. Nilieleza kwa maneno machache. Rashidi, aliyezaliwa Matombo, alishika kichwa kabla sijamaliza. "Mwajuma. Mimi nimepigia kelele juu ya mambo ya kina mama?" Nikamwambia ndiyo. "Mama yangu mzazi ana hiyo CD. Ameniambia wimbo wa tano hausikilizi, hakuniambia kwa nini." Alisimama, akakaa tena. Gidioni alijaribu kwa upole. "Dada, naheshimu, lakini ni mdundo. Nani atajua nje ya hapa?" Rashidi akamjibu, "Wewe nyamaza, hata sasa hivi hutakiwi kuukumbuka." Sureshi alingoja wenzake waondoke. Kisha akaniambia kwamba miaka yake yote ya muziki hajawahi kurekodi kitu kama kile na hatarekodi tena, na kwamba atafuta kila mahali isipokuwa nakala moja, ataifungia, hakuna atakayeisikia. "Naomba hiyo moja tu, Mwaju." Nilimpenda Sureshi kama ndugu, na ombi lake lilikuwa langu pia. Nikamwambia, "Nitakuwa nimekaa mbele ya wale wanawake nikijua iko hapa katikati ya misumari." Aliwasha kompyuta. Dramu za wimbo ule zilikuwa zimerekodiwa kwenye mistari yake peke yake, mbali na sauti na magitaa. Akanipisha kiti, nikaifuta mimi, mstari mmoja mmoja. Halafu tukausikiliza uliobaki. Katikati, gitaa lilinyamaza, ikabaki sauti ya Rashidi, inasubiri, inaingia, inasubiri tena, inafuata kitu ambacho hakipo. Tulikubaliana kuuacha hivyo, na nakala zote zilizochomwa baadaye zimetoka hivyo. Kuurekodi upya hakuna aliyekuwa na moyo nao.

CD thelathini zilinichukua wiki mbili kuzikusanya. Nilikwenda kwa miguu, baada ya kazi. Kinyozi aliitoa kwa kinyongo, akataka kujua ana kosa gani. Mama yake Rashidi alikuwa ameifunga kwenye kitambaa. Moja niliipata Kihonda imetundikwa kwenye mahindi ili kutishia ndege. Moja alikuwa nayo mwalimu wa Zuhura, na nilimdanganya kwamba ina kasoro, jambo ambalo kwa namna fulani halikuwa uongo. Nilipata ishirini na tisa. Ya thelathini ilikuwa imenunuliwa na dereva wa lori la karanga. Nilimsubiri stendi siku tatu. Wenzake walisema amehama njia, sasa anapeleka mzigo kwingine, na ile redio ya gari ameiuza Gairo pamoja na vilivyokuwemo.

Nilipanda Kinole siku nne kabla ya siku yenyewe. Walikuwa wanawake saba, wamekaa mkekani uani kwa Mama mdogo, wanamenya magimbi. Mkubwa wao alikuwa Bi Kidawa, aliyenitoa mimi mwenyewe. Waliitikia shikamoo yangu, kila mmoja kwa zamu, bila kunitazama usoni, na hapo nikajua wamekwishajua. Niliweka CD mbele yao, nikasema nilichofanya, kwamba nilijua wakati nafanya, na kwamba kwenye kompyuta nimefuta kwa mkono wangu. Bi Kidawa akachukua moja, akajitazama humo, akarekebisha mtandio. "Ngapi hizi?" Ishirini na tisa. "Na zilitoka ngapi?" Njia nzima nilikuwa nimelifikiria swali hilo. Wao hawakuwa na namna ya kujua. Zuhura alikuwa nyuma ya ukuta ule, hatua kumi kutoka nilipokaa, na nilimsikia akikohoa. Nikasema, "Thelathini. Moja imekwenda Gairo, sikuipata."

Kisu kimoja tu ndicho kilichoendelea kumenya. Kisha mwanamke mmoja wa pembeni akasema, "Gairo kwa Wakaguru?" Nikaitikia. "Wale watani. Hata wakiisikia watasema wameitunga wao." Mmoja akacheka kwa pua, mwingine akafuata, hata Mama mdogo akainamisha uso kwenye beseni. Bi Kidawa hakucheka, ila aliweka CD chini. Akasema siku hiyo watakuja. Mtoto atatolewa na ukoo wake wote, atapikiwa, atachezewa, hatapungukiwa. Kisha akanigeukia. "Wewe siku hiyo utakaa nje." Nilimwuliza nje wapi, ingawa nilielewa. "Nje wanakokaa wanaume. Ulitaka na wao wasikie. Nenda kasikilize nao." Nikamtazama Mama mdogo. Alikuwa ameshika gimbi, hamenyi. Hakunisemea, kama alivyosema. CD zote zilitupwa chooni, na niliombwa nisaidie kumalizia magimbi.

Siku hiyo ilikuwa ya jua na ukungu ulikuwa umejivuta hadi vileleni. Nilifika mapema, nikachota maji, nikakuna nazi, nikakoleza kuni chini ya masufuria matatu ya wali. Ilipofika saa yake wanawake wakaingia, mmoja mmoja, mlango ukafungwa. Nilijifuta mikono, nikaenda kukaa kwenye ukingo wa barabara pamoja na wajomba na vijana wa bodaboda. Rashidi alikuwa amekuja kwa heshima, ila ngoma ilipoanza aliondoka, akashuka mpaka mtoni asipoweza kusikia. Wajomba walizungumza bei ya pilipili manga. Kwao ilikuwa ni kelele ya kina mama, kama siku zote. Mimi peke yangu upande ule wa ukuta ndiye niliyejua wamefika wapi, nani amepokea kwa nani, na wapi mpigaji, nilidhani ni Mama mdogo, alichelewa kidogo kwa sababu mkono wake wa kushoto ulikuwa na baridi yabisi. Nilikalia mikono yangu. Sikulia, niliangalia masufuria ya wali yasiungue, na hayakuungua.

Mlango ulipofunguliwa walimtoa Zuhura amefunikwa kanga zile za doti mbili, amepakwa mafuta mpaka anang'aa, ameinama kama inavyotakiwa, na uwanja wote ukalipuka kwa vigelegele. Ngoma za nje zikaanza, watu wakaingia kucheza, na hizo hakuna aliyenizuia. Lakini nilingoja kwanza. Mwali hatakiwi kusema mpaka alishwe, na alipokwisha kula tonge la kwanza alinyanyua macho akanitafuta, akaniita kwa kidole. Nikainama. Alikuwa na harufu ya mafuta ya nazi na moshi. "Dada," akanong'ona, "nilikuwa nakungoja mle ndani. Ulikuwa wapi?"

"Nilikuwa hapa nje," nikamwambia. "Nilikuwa nakusikia."